Kipuli cha Nabintu

Tusekile hakuwahi kuvuka ziwa, lakini ng'ambo yake aliikumbuka vizuri kuliko alivyoikumbuka shule aliyosoma. Aliikumbuka njia ya udongo mwekundu inayoshuka kutoka Lubanja hadi kisimani, na jinsi inavyoteleza upande wa kushoto mvua ikinyesha. Aliukumbuka moshi wa mkaratusi asubuhi, ubaridi wa mlango wa bati kwenye kiganja, na uzito wa mtoto mgongoni, ule uzito wa mtoto aliyelala, ambao si sawa na wa mtoto aliye macho. Siku nyingine, akiwa ameinama kwenye kitalu chake cha miche ya parachichi pale Isuba, chini ya Mlima Rungwe, hamu ya kurudi nyumbani ilimjia mpaka ikambidi akae chini. Na nyumbani huko hakukuwa kwake. Kulikuwa kwa Nabintu, na Nabintu alikuwa ameshakufa.

Sokoni Tukuyu walishamzoea. "Sombe unauzaje?" aliuliza, na muuzaji akamtazama.

"Unauliza nini, mama?"

"Kisamvu. Nimesema kisamvu."

"Umesema sombe. Wiki iliyopita pia ulisema sombe."

"Basi nipe hicho hicho kwa jina lolote," Tusekile alisema, wakacheka wote wawili. Alipofika nyumbani aliyatwanga majani yale kwa mkono wa kushoto, ingawa yeye si wa kushoto, huku Nsimire, mtoto anayemlea, amekaa kando akichora mavumbini kwa kijiti na kuimba wimbo ambao Tusekile aliujua mwanzo hadi mwisho bila kufundishwa na mtu.

Kabla ya vita, wanawake wa Lubanja walivaa vipuli. Kipuli kilikuwa kidude cha ukubwa wa punje ya ulezi, kilichotundikwa kwenye ndewe ya sikio zahanati, ili kulinda mimba na kugundua homa mapema. Kipuli hakikupiga picha wala kurekodi maneno. Kilihifadhi jinsi mwili ulivyopokea mambo: joto, harufu, mkono ulivyojikunja, moyo ulivyodunda mtoto alipolia. Ukikihamishia kwa mtu mwingine, ubongo wake hutafuta picha za kuvalisha hisia hizo, na baada ya majuma machache mwenyewe hawezi tena kusema ipi ni yake na ipi ya mgeni. Wataalamu waliita kazi hiyo kushona.

Vita vya machimbo vilipoisha, waliozika maiti walikusanya na vipuli. Ndipo Mpango wa Walezi ulipoanza. Familia iliyokubali kumpokea mtoto ilipewa afisa wa kuitembelea, ilikutanishwa kila mwezi na walezi wenzake, ilisaidiwa shule na matibabu. Na kama kipuli cha mama wa mtoto kilikuwa kimepatikana, mlezi aliulizwa iwapo angependa kushonewa.

Tusekile alikubali kwa sababu mtoto alikuwa anakufa mikononi mwake. Nsimire alikuwa na miaka minne, hali, halali, hasemi. Tusekile na mumewe Ambokile hawakujaliwa kuzaa, na kila walichojaribu kwa mtoto huyo kilikuwa cha kubahatisha. Baada ya kushonewa, Tusekile aliamka siku moja akijua kwamba uji wa mtoto huyu hupozwa kwa kumiminwa kutoka kikombe hadi kikombe, kwamba mlango ukifungwa kabisa hapati usingizi, na kwamba hulala akiwa ametia kidole katika sikio la anayembeba. Akafanya hivyo. Mtoto akala, mtoto akalala, na kabla ya masika kwisha akamwita mama.

Hiyo ilikuwa zamani kidogo. Sasa Nsimire alikuwa darasa la kwanza, ana meno mawili pungufu na maswali mengi.

*

Lusajo, afisa wa Mpango, alikuja mchana wa Jumamosi, na kwa jinsi alivyokataa chai mara ya kwanza Tusekile alijua kuna jambo. Ambokile alikuwa uani na mashine ya kuchumia chai aliyoletewa na jirani. Aliilaza chali, miguu yake sita juu, akawa anachokonoa matope kwenye maungio. Akafuta mikono, akaja kukaa.

"Bibi yake Nsimire yuko hai," Lusajo alisema. "Mama mzazi wa Nabintu. Anaitwa Namwezi. Alikuwa kambini upande wa kaskazini, jina lake likaandikwa vibaya, tukamhesabu miongoni mwa waliokufa."

Tusekile alihisi kitu kikiruka kifuani kabla hajafikiri neno lolote. Ilikuwa furaha ya mtoto aliyesikia mama yake anarudi. Akashika ukingo wa kiti.

"Anataka kumchukua?" Ambokile aliuliza.

"Hana pa kumpeleka, baba. Anataka kumwona. Na kanuni zetu zinasema mtoto aliyetulia hahamishwi asipotaka mwenyewe. Lakini ana haki ya ndugu yake, na ndugu ana haki naye. Mkikubali, Mpango utawasaidia kuongeza chumba. Akija, aje akae."

"Aje," Tusekile alisema haraka mno.

Ambokile alimtazama. "Ni wewe uliyejibu, Mama Nsimire?"

Tusekile aliinuka kumimina chai. Hakuwa na uhakika.

*

Namwezi alishuka garini akiwa amejifunga vitenge viwili na koti la mwanamume. Alikuwa mfupi, mwenye magoti mabovu, na macho yaliyozoea kutazama mbali. Nsimire alijificha nyuma ya Ambokile. Hakumkumbuka bibi huyu, lakini Namwezi alipochuchumaa na kusema polepole, "Mimi ni koko wako, bibi yako. Usiniogope, nitakaa hapa hapa, wewe ukitaka utakuja," mtoto alitoka akamgusa kitenge, akarudi tena mafichoni.

Tusekile alimpokea kwa adabu ya mgeni kwa mgeni. Alijilazimisha. Miguu yake ilitaka kumkimbilia na mikono yake ilitaka kumshika yule bibi shingoni.

Wakati wa chakula cha mchana alisonga ugali wa muhogo. Alimega tonge la kwanza, akalibandika kwa kidole gumba ukingoni mwa sahani kubwa, akaendelea kupakua. Alikuwa amefanya hivyo kila siku tangu ashonewe, na wala hakuwahi kujiuliza kwa nini.

Namwezi aliacha kunawa. Maji yaliendelea kumtiririka vidoleni.

"Nani kakufundisha hilo?"

"Lipi, mama?"

"Hilo tonge. La anayechelewa. Hakuna mtu Lubanja nzima aliyefanya hivyo isipokuwa mimi. Mume wangu alikuwa anachelewa machimboni, nami nikabandika tonge lake ili watoto wasilimalize. Nabintu alinicheka kwa hilo."

"Basi ni yeye aliyenifundisha," Tusekile alisema. "Walikuambia kwamba nimeshonewa kipuli chake?"

Walikuwa wamemwambia. Lakini kuambiwa ni jambo moja. Namwezi alisogea kwa magoti yake mabovu, akamshika Tusekile mkono wa kushoto, akaugeuza kiganja juu, akautazama kama anayetafuta kovu. Kisha akaulaza shavuni pake, na Tusekile, ambaye mama yake mzazi alikuwa kaburini miaka mingi, akajikuta ameinamisha kichwa begani kwa bibi yule asiyemjua, akilia kama amerudi kutoka safari ndefu.

Ambokile alimchukua Nsimire wakaenda kuangalia mashine uani.

*

Majuma yaliyofuata nyumba ilikuwa na furaha, na Tusekile asingeweza kukana kwamba ilikuwa furaha ya kweli. Namwezi alimtuma maji, alimkemea kwa chumvi, alimwambia ajifunge kanga vizuri kwa kuwa baridi ya Isuba itaingia mgongoni. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu Tusekile awe binti wa mtu. Alikaa jikoni na bibi yule wakikumbuka pamoja: mwaka ule dagaa walipojaa mpaka wakalishwa kuku, bati la jikoni lililong'olewa na upepo, harufu ya sabuni ya magadi. Namwezi alianza sentensi, Tusekile akaimalizia. Walicheka mpaka machozi kwa mambo ambayo mmoja wao hakuwapo yalipotokea.

Mwanzoni Namwezi alimwita Mama Nsimire. Baadaye akamwita mwanangu. Asubuhi moja akamwita Nabintu, na Tusekile akaitika.

Kwenye kikao cha walezi cha mwezi ule, mzee Gwakisa, aliyekuwa akilea mvulana na kubeba kumbukumbu za baba wa mvulana huyo, alimsikiliza kisha akasema, "Mimi ndugu wa marehemu wangu hawajapatikana. Namshukuru Mungu na namlilia Mungu kwa jambo hilo hilo moja." 

Nsimire ndiye aliyebadilika. Hakugomba, hakulia, alipunguza maswali. Bibi alipomwita Tusekile kwa jina lile, mtoto alitoka nje. Jioni moja kabla jua halijazama Tusekile alimkuta kwenye kitalu, kati ya mistari ya miche, akipanga mawe.

"Mbona umekaa peke yako?"

"Koko anakuita Nabintu."

"Ndiyo. Anamkumbuka mama yako."

"Wewe ni mama Tusekile," mtoto alisema, akiendelea kupanga. "Mama Nabintu ni mwingine. Mbona unamwitikia?"

 Tusekile alimshika mkono wakaingia ndani.

*

Majirani wa Isuba ndio waliosema kwamba sasa ndugu amefika, marehemu afanyiwe matanga. Walikuwa tayari wameshapanga nani alete ndizi na nani alete maziwa. Mchungaji alikuja kuuliza siku inayofaa. Walikuwa wamekaa barazani, mvua nyembamba inanyesha, Nsimire ameegemea mlango.

"Matanga ya nani?" Namwezi aliuliza.

"Ya binti yako, mama. Nabintu."

"Binti yangu huyu hapa." Alimshika Tusekile goti. "Siwezi kumlilia mtu anayenipikia."

Mchungaji alikohoa. Ambokile alitazama chini. Tusekile alijua wanamngoja aseme neno, na neno lilikuwa karibu kabisa na mdomo, lakini mkono ule gotini ulikuwa na joto, nao mwili wake uliukumbuka, mkono wa mama asiye wake. Akaufunika kwa wake.

"Mama alikufa," Nsimire alisema kutoka mlangoni.

Wote wakageuka.

"Alikufa mimi nikiwepo. Ninyi nyote hamkuwepo." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama anayeeleza ya shuleni. "Tulikuwa kwenye shamba la mihogo. Aliniambia nilale chini, akalala juu yangu. Kulikuwa na kelele, halafu kelele zikaisha. Nikamwita, hakuitika. Alikuwa mzito. Nikatia kidole sikioni mwake, akawa baridi. Nikangoja. Halafu watu wakaja wakamwinua."

Mvua ilizidi kidogo. 

Tusekile alitafuta siku hiyo ndani yake na hakuipata. Alijua kwa nini. Mpango ulikuwa umeifunga. Siku ya mwisho haitolewi kwa mlezi, walimwambia mwanzoni, kwa kuwa mlezi hawezi kulea huku anakufa. Lilikuwa jambo la huruma, na hakuna aliyewaza kwamba matokeo yake yatakuwa haya: nyumba nzima ya watu wazima inamkumbuka Nabintu akiwa hai, na mtoto peke yake ndiye anayebeba kifo chake.

Alimwendea, akapiga magoti. "Ulikuwa hujaniambia."

"Nilidhani unajua," Nsimire alisema. "Unajua mambo yote ya mama. Nilidhani hutaki kuyasema."

Namwezi alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Sauti iliyotoka humo haikuwa ya kilio kwanza. Ilikuwa kama ya mtu aliyebeba mzigo na kuambiwa bado ni mbali. Ndipo akalia. Tusekile hakumfuata. Alibaki amemshika mtoto.

*

"Kipuli kinaweza kutolewa?" Tusekile alimwuliza Lusajo.

Walikuwa kwenye ofisi ndogo ya Mpango mjini Tukuyu, Ambokile pembeni yake. Lusajo hakuchelewa kuelewa.

"Kinaweza kufumuliwa. Kumbukumbu zinarudi ndani ya kipuli, tunakitunza, na Nsimire akifika umri wa utu uzima kinakuwa chake. Ataamua mwenyewe akivae, akizike, au akiache. Lakini nikueleze vizuri, mama. Kumbukumbu za Nabintu hazijakaa kichwani mwako kama nguo ndani ya sanduku. Zimeshonwa, nawe kila siku umeshona zako juu yake. Ulipomwogesha Nsimire, uliogesha kwa mikono yake. Ulipomfariji, ulifariji kwa kifua chake. Tukivuta uzi ule, vilivyoshonwa juu vinakuja navyo."

"Nitamsahau Nsimire?"

"Utajua kwamba yupo. Utajua jina lake na kwamba unamlea, kwa sababu hayo watu wengine wamekuambia. Lakini siku mlizokuwa pamoja, hasa za mwanzo, nyingi zitaondoka. Hazirudi."

Ambokile alisimama, akaenda dirishani. "Hapana," alisema. "Bibi yule amekwishasikia. Analia kama wengine wanavyolia, na kilio kitapoa. Kuna haja gani tena?"

"Jana aliniita Nabintu tena," Tusekile alisema. "Akajishika mdomo, akaenda kulala bila kula. Kila akiniona, jeraha linafunguka na kufungwa, linafunguka na kufungwa. Na mimi kila akiniita nataka kuitika. Sitaacha, Ambo. Ni tamu mno."

"Na mtoto?"

"Ndiye ninayemzungumzia. Nataka kujua kama ninampenda mimi."

"Nimekuona ukimpenda. Mimi shahidi."

"Umeniona nikifanya. Nilikuta upendo umeshapikwa, nikapakua tu. Kama ni wa Nabintu, basi nimechukua kitu cha marehemu bila kumwomba, na hakuna aliyemwomba. Yeye alivaa kipuli kwa ajili ya homa." Akamtazama mumewe pale dirishani. "Na kama ni wangu, utabaki."

"Usipobaki?"

 Ambokile alirudi kukaa, akaweka mkono wake mkubwa wenye grisi juu ya mkono wa mkewe, na Lusajo akatazama pembeni.

Tusekile, Ambokile na Lusajo walimweleza Nsimire, bibi yake akiwapo. Mtoto alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza kama itauma, wakamwambia haiumi. Aliuliza kama mama Tusekile atakuwa mgeni.

"Kidogo," Tusekile alisema. "Itabidi unizoee. Na mimi nikuzoee."

Nsimire alifikiri. "Mimi nilikuzoea mara ya kwanza. Naweza tena."

*

Siku ya mwisho kabla ya kwenda kufumuliwa, Tusekile hakufanya kazi yoyote. Alikaa kwenye kizingiti, akapitia zote, moja moja, kama mtu anayehama anavyopita vyumbani.

Alimkumbuka Nsimire akifika, mvua kubwa ya Aprili, gari limekwama chini ya kilima na Lusajo akipanda kwa miguu huku amembeba chini ya mwavuli uliovunjika. Mtoto ameshika mfuniko wa sufuria kwa mikono miwili, hataki kuuachia, amelala nao. Alimkumbuka akitapika uji kitandani na kutazama kama atapigwa. Alikumbuka neno lake la kwanza, ambalo lilikuwa "hapana", na jinsi yeye na Ambokile walivyotoka nje kufurahi wasimtishe. Alikumbuka tetekuwanga, alikumbuka siku Nsimire alipompa kila mche wa kitaluni jina la mtu. Alimkumbuka akicheka kwa mara ya kwanza, alipomwona Ambokile akikimbizwa na mashine ya chai aliyoitengeneza vibaya, na kicheko hicho kilivyowashangaza wote watatu, hata mtoto mwenyewe.

Zilikuwa kumbukumbu nzuri. Alizishika mpaka jua likazama, hakuona hata moja ambayo angesema, hii ichukueni.

Asubuhi alikwenda.

*

Kufumua kulichukua muda mfupi kuliko alivyotazamia. Alirudi nyumbani kwa gari la Mpango, Ambokile kando yake, akaona miparachichi na kuijua, akaona mlima na kuujua. Mlangoni alisimama bibi mfupi, mwenye haya, na mtoto wa kike mwenye sare ya shule. Tusekile alijua mtoto huyu ni nani, kama mtu anavyojua jina la mtoto wa jirani. Kifuani palikuwa kimya. Hamu ile ya njia nyekundu na moshi wa mkaratusi haikuwapo, na pale ilipokuwa palibaki nafasi, kama ukutani palipotundikwa picha muda mrefu.

"Shikamoo, mama," mtoto alisema.

"Marahaba. Hujambo, Nsimire?"

"Sijambo. Mimi silali mlango ukifungwa. Nimeona nikwambie mapema."

Majuma ya kwanza yalikuwa magumu, na hakuna aliyejifanya kuwa si magumu. Tusekile aliunguza uji. Alimfunga mtoto nywele vibaya, Nsimire akaenda shule hivyo hivyo bila kulalamika, na hilo lilimchoma Tusekile zaidi ya malalamiko. Walezi wenzake walikuja kwa zamu. Mzee Gwakisa alileta mkungu wa ndizi, akakaa nao mchana mzima akizungumza habari za mvua tu. Namwezi alimwita Mama Nsimire kwa uangalifu, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Mara nyingine bibi huyo alimtazama mikono, akatazama kwingine. Tusekile aliona jinsi anavyopungukiwa, akamwonea huruma, lakini ilikuwa huruma ya mtu mzima kwa mtu mzima mwenzake, na wote wawili waliweza kuistahimili.

Kisha ikaja siku ile daraja la mbao la kwenda shule lilipochukuliwa na maji. Habari zilifika kitaluni kabla watoto hawajafika. Tusekile alikuwa ameshika kisu cha kuunganishia miche. Alipojitambua alikuwa njiani, miguu mitupu, matope hadi magotini, akipaza jina la mtoto kwenye mvua, akimtazama uso kila mtoto anayekuja na kumwacha. Nsimire alikuwa wa karibu na mwisho, ameshika viatu vyake, amezungushwa njia ya juu na mwalimu. Tusekile alimwinua, mkubwa alivyokuwa, na moyo wake ulikuwa unadunda kwa namna ambayo hakuwahi kuihisi, au kama aliwahi, ilikuwa imekwenda. Hakuna mtu mwingine ndani yake aliyemtuma. Alijisikiliza kwa makini, hakukuwa na mtu.

"Mama, unaniminya," Nsimire alisema.

"Vumilia kidogo."

Matanga ya Nabintu yalifanyika mvua zilipopungua. Majirani walileta ndizi na maziwa, na walezi wa vijiji vingine walikuja na watoto wao, ambao walicheza kati ya miche bila mtu kuwakataza. Hapo Isuba hapakuwa na kaburi, hivyo mchungaji aliombea jina. Nsimire alisimulia tena habari za shamba la mihogo, safari hii amekaa mapajani kwa bibi yake, na watu wote waliisikia, wakailia pamoja naye. Aliposhuka alionekana amechoka kama mtoto aliyetua ndoo.

Baadaye watu wakiwa wameshiba, Namwezi aliombwa aseme juu ya binti yake. Alisema hajui aanzie wapi. Kisha akatabasamu.

"Alipokuwa na umri wa huyu," alisema, "tulikuwa na mbuzi mmoja mwizi. Nilimfunga kengele ili nisikie akiingia kwenye maharage. Nabintu alikuwa anampenda mbuzi yule kuliko sisi sote. Basi siku moja mimi niko jikoni, nasikia kengele kule chini kisimani, nasema afadhali, mbuzi yuko mbali. Nasikia kengele asubuhi nzima. Kwenda shambani, hakuna hata jani. Mbuzi amelala, tumbo hili hapa. Na huyu Nabintu wangu yuko kisimani, kengele shingoni mwake, anatembea huku na huku anapiga mlio."

Watu walicheka. Nsimire alicheka mpaka akaangukia upande, na aliponyanyuka alimtazama Tusekile, uso wake bado umejaa kicheko.

"Mama, ulikuwa unaijua hii?"

"Hapana," Tusekile alisema. "Ndiyo kwanza naisikia."

"Hata mimi." Alijisogeza akamwegemea, kisha akamgeukia bibi yake. "Koko, mbuzi ulimfanyaje?"

Namwezi alijifuta macho kwa upindo wa kitenge, akaendelea.